Somo Tusiyepewa



Ndugu wasomaji, ukurasa wetu wa afya mwezi huu tumeuelekeza kwa akina mama waliofika miaka arubaini na kuendelea, kwa waume zao, na kwa mabinti zao ambao leo hawadhani kuwa jambo hili linawahusu. Tutazungumza juu ya ukomo wa hedhi. Tunajua kuwa jarida letu huachwa juu ya meza ya sebuleni na kusomwa na kila apitaye, kwa hiyo tumechagua maneno ya stara. Kunyamaza hatukukuchagua, kwa sababu kunyamaza kumekwisha kutudhuru, na mfano wake tutautaja mbele.

Sisi tulipovunja ungo, kule Unguja, tulipewa somo. Hakuwa mama yetu mzazi, maana mama humwonea haya mwanawe, na mwana humwonea haya mama yake. Alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye kuaminiwa na familia, aliyetutia chumbani akatufunza namna ya kujisitiri, kujitoharisha na kuhesabu siku, pamoja na mambo ya sala na saumu yanayofuatana na siku hizo. Kwa wengine mafunzo haya yalikwenda na ngoma ya unyago, ambayo marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, aliijua na kuifunza kwa umri wake wote. Kwa wengine, na nyumba yetu ilikuwa miongoni mwao, wazee waliikataza ngoma. Lakini somo alikuwapo. Hakuachwa msichana aone damu peke yake asijue imetoka wapi.

Miaka zaidi ya thelathini ikapita. Hedhi ikaanza kutuaga, na hapo hapakuwa na somo. Hapakuwa na chumba, wala mtu mzima wa kutuketisha akatwambia: mwanangu, sasa utaona hivi na hivi, hiki ni cha kawaida na hiki si cha kawaida.

Tunakumbuka siku ya kwanza. Tulikuwa darasani hapa Muscat, mwezi wa Januari, madirisha yako wazi na upepo wa baridi unaingia. Ghafla uso na kifua vikawaka, kama mtu aliyefunua chungu cha ubwabwa akakiinamia na mvuke. Jasho likatiririka chini ya shela. Tukamwamrisha mwanafunzi awashe kiyoyozi, na wasichana wakatazamana. Usiku wa siku ile tuliamka tumeroa, tukajifunika, tukajifunua, mpaka alfajiri. Tukadhani ni malaria ya zamani imerejea. Tulikwenda zahanati moja, tukapimwa damu, hapana malaria. Tukarudi nyumbani na vidonge vya kutuliza wasiwasi. Hapana aliyetuuliza: mama, siku zako zikoje? Na sisi hatukusema. Sisi tuliosoma chuo kikuu, tuliosomesha baiolojia, tuliochora kizazi na ovari zake ubaoni mara zisizo na hesabu, tuliona haya kuunganisha mchoro wa ubaoni na jasho la usiku.

Basi tuanze na mchoro huo, kwa ufupi. Mtoto wa kike huzaliwa na hazina yake yote ya mayai, baina ya milioni moja na milioni mbili. Akifika kubalehe yamebaki kiasi cha laki tatu hadi laki nne, na katika umri wake wote wa kuzaa hayazidi sana mia nne au mia tano yanayopevuka na kutoka. Mengine hupungua yenyewe, kimya kimya. Ovari zinazoyahifadhi mayai ndizo zinazotoa homoni mbili kubwa za mwanamke, yaani estrojeni na projesteroni. Hazina ikikaribia kwisha, homoni hizo hazishuki taratibu kama jua linalotua. Hupanda na kuporomoka bila mpango, mwezi huu nyingi, mwezi ujao haba. Ndiyo sababu miaka ya mwisho kabla ya ukomo huwa na vurugu kuliko ukomo wenyewe: hedhi hukaribiana, kisha hupotea miezi mitatu, kisha hurudi kwa wingi wa kutisha, usingizi hukatika, hasira huja haraka, kumbukumbu hupiga chenga. Kwa wengi ukomo hufika baina ya miaka 45 na 55, na huhesabiwa kuwa umefika pale ambapo miezi 12 kamili imepita bila hedhi. Aliyekatikiwa kabla ya miaka 40 asiseme ni bahati ya kupumzika mapema. Huyo anahitaji daktari, kwa sababu mifupa na moyo wake vitakaa miaka mingi bila ya kinga.

Hapa tuingize tahadhari moja kwa wake na waume: katika miaka hiyo ya vurugu mimba bado huweza kutunga. Tunawajua vitinda mimba kadhaa hapa mjini ambao mama zao walidhani wamekwisha maliza. Allah awakuze.

Joto lile la ghafla lina sababu yake. Ndani ya ubongo mna sehemu inayopima joto la mwili, mfano wa kile kidude cha kiyoyozi kinachojua wakati wa kuwaka na wakati wa kuzima. Estrojeni ikipungua, kidude hicho hukosa uvumilivu. Joto likizidi kidogo tu, kinadhani mwili unaungua na kinafungulia jasho. Wengi huambiwa watavumilia mwaka mmoja. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake kwa miaka mingi, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa kwa nusu yao hali hii ilidumu zaidi ya miaka saba. Tunalitaja hili si kwa kuwatisha. Tunalitaja ili mume anayesikia mkewe akilalamika mwaka wa nne asimwambie kuwa anajidekeza, wala asiende kumtafutia mganga kwa kudhani amerogwa. (Hayo yametokea, na si mbali na hapa.)

Na mama mwenyewe asiliweke kila jambo juu ya ukomo. Ugonjwa wa tezi ya shingo pia huleta joto, mapigo ya moyo ya kasi na kukosa usingizi, na hujulikana kwa kipimo cha damu. Aulize apimwe.

Kuna neno la Kiarabu ambalo kila aendaye hospitali hapa atalisikia: sinn al-ya's, umri wa kukata tamaa. Mama mmoja alilisikia kwa mara ya kwanza kwa muuguzi kijana, akarudi nyumbani akilia. Sisi kwa ualimu wetu tumelitafakari. Asili ya maneno haya inajulikana: aya ya nne ya Suratul Talaq inawataja wanawake waliokwisha kukata tamaa ya hedhi, na kuwawekea eda ya miezi mitatu. Kilichokatiwa tamaa pale ni hedhi. Maisha hayakutajwa, wala uzuri, wala akili, wala nafasi ya mwanamke nyumbani kwake. Ni watu waliolikata neno nusu wakaliacha likining'inia. Madaktari wengine siku hizi husema inqita' al-tamth, kukatika kwa hedhi, na sisi tunalipenda zaidi neno hili. Aliandike kwenye karatasi yule ambaye Kiarabu kinamchenga, amwonyeshe daktari.

Sasa tuje kwenye mifupa, na hapa tutakaa kidogo.

Estrojeni huzuia mfupa usiliwe haraka kuliko unavyojengwa. Ikiondoka, katika miaka mitano hadi saba ya mwanzo baada ya ukomo mwanamke huweza kupoteza mpaka asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake, na hasikii maumivu yoyote. Husikia siku anapoanguka. Sisi tulisikia mwaka 2019, tulipoteleza bafuni tukijiandaa kwa sala, tukajishika kwa mkono, na kifundo cha mkono kikavunjika kama kijiti kikavu. Tulipopimwa uzito wa mifupa ndipo tulipoambiwa kuwa uti wa mgongo nao umeshakuwa mwepesi. Kipimo hicho, kinachoitwa deksa, hakina sindano wala uchungu. Unalala dakika chache juu ya kitanda na mashine inapita juu yako. Tungalikifanya miaka mitano kabla, tungaliulinda mkono wetu.

Jambo la pili ni vitamini D, ambayo bila yake mwili hauwezi kuichukua vyema kalsiamu ya chakula. Ngozi huitengeneza kwa jua. Mtu atasema: Muscat na ukosefu wa jua wapi na wapi? Lakini mwaka 2011 jarida la tiba la Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos lilichapisha uchunguzi wa wanawake 41 wazima, wa umri wa kuzaa, wafanyakazi wa Royal Hospital hapa hapa Muscat. Wote 41, bila kubaki mmoja, walionekana na upungufu wa vitamini D. Hawa ni watu wa hospitali, na wamo katika nchi ambayo jua lake hupasua mawe.

Wepesi wa kulaumu hulilaumu buibui. Sisi hatukubaliani nao, au tuseme hatukubaliani nao sana. Bibi zetu Unguja walivaa buibui kila walipotoka, lakini nyumba zao zilikuwa na ua. Uani ndiko walikopika, walikofua, walikopeta mchele, walikosukana nywele, kichwa wazi na mikono wazi, hapana wa kuwaona ila kuku na majirani wanawake. Jua liliwapata kila siku na stara yao haikupungua. Sisi tumehamia ghorofa ya tatu Al Khuwair au Al Khoudh, tumeteremsha mapazia, tumewasha kiyoyozi, kisha tunatoka na gari mpaka ndani ya maduka makubwa yaliyo na kiyoyozi kingine. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha nako hakufai kitu, kwa sababu ile sehemu ya mwanga inayotengeneza vitamini haipiti kwenye kioo. Kilichobadilika ni nyumba.

Mwenye dari ya kupanda, au kiwanja cha ndani kilichozungukwa na ukuta, aweke faragha yake hapo, atoe mikono na miguu juani kwa dakika chache mara kadhaa kwa wiki, nje ya ile saa ya jua kali la kuunguza. Ngozi nyeusi huhitaji muda zaidi kuliko nyeupe. Asiye na pahala pa kufanya hivyo apimwe damu na apewe vidonge kwa kipimo cha daktari. Asijimezee tu vile vya nguvu kubwa alivyogawiwa na shoga yake, maana vitamini hii ikizidi huumiza figo.

Kalsiamu anayoihitaji mwanamke aliyepita miaka 50 ni miligramu 1,200 kwa siku, na bilauri moja ya maziwa ina kiasi cha 300. Laban na mtindi humo ndani. Na tusidharau dagaa, ambao hapa sokoni huitwa qashaa: samaki mdogo aliwaye na miba yake ni kalsiamu tupu. Wapo waliofika Ulaya na Uarabuni wakaona dagaa ni chakula cha kimaskini. Wakawaacha, wakashika biskuti. Ama mwendo, mfupa hutaka kubebeshwa uzito. Kuogelea kwafaa moyo na pumzi, lakini maji humbeba mtu na mfupa hubaki umelala. Tembea, panda ngazi, beba kapu lako mwenyewe. Kuanzia Oktoba mpaka Machi ufuo wa Qurum na barabara ya pwani ya Mutrah ni rehema baada ya Alfajiri. Wakati wa kiangazi, tunaona vikundi vya akina mama wakizunguka ndani ya maduka makubwa kabla hayajafunguliwa, na wala si jambo la kuchekwa.

Waliopewa kidonge cha mifupa cha mara moja kwa wiki wanajua masharti yake: tumbo tupu, bilauri nzima ya maji, na kutolala wala kula kwa nusu saa, kwa sababu kikikwama kooni huchubua. Wengi hukiacha Ramadhani nzima kwa kutojua wakati wa kukimeza. Mwulize daktari wako kama yafaa ukimeze kwa maji wakati wa Magharibi, usali, kisha ndipo ukae kwenye futari. Sisi tulishauriwa hivyo, na tende zikasubiri nusu saa.

Tunafika kwenye jambo lililotutia kalamu mkononi.

Jirani yetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tuyaeleze yaliyompata bila ya jina lake, hedhi ilimkatika akiwa na miaka 50. Akiwa na miaka 58 akaona damu. Haikuwa nyingi: matone, siku mbili, kisha ikapotea, na mwezi wa pili ikarudi. Shoga zake wakamfanyia maskhara, wakamwambia ujana umemrejea, atie udi na amwandalie mzee nguo mpya. Yeye, kwa vile ni mcha Mungu, lililomshughulisha ni sala. Akamuuliza mwanachuoni, akajibiwa kwa mujibu wa madhehebu yake, akayashika aliyoambiwa. Miezi saba alisali sala zake kwa damu aliyoijua hukumu yake na asiyoijua sababu yake.

Bintiye aliyekuja kufua ndiye aliyeona. Akamtia garini siku ile ile. Kikafanywa kipimo cha picha ya mawimbi ya sauti, ukaonekana utando wa ndani wa kizazi umenenepa. Kikachukuliwa kipande kidogo, kikapimwa, ikawa ni saratani ya kizazi. Daktari, mwanamke wa makamo, alimuuliza kwa upole: "Mama, miezi saba yote ulikuwa unangojea nini?" Akamjibu: "Mwanangu, mimi nilikuwa nimeshauliza."

Jibu hilo hatujaweza kulisahau. Alikuwa ameuliza kweli, na aliyeulizwa alijibu sawasawa kile alichoulizwa. Hukumu ya damu kwa ajili ya sala ni elimu, na sababu ya damu katika mwili ni elimu nyingine. Mwanamke anazihitaji zote mbili kwa siku moja. Tunawaomba, kwa adabu zote, mashekhe wetu na walimu wa kike wa madrasa na darsa za majumbani: akija mwanamke aliyekwisha kukoma hedhi akauliza juu ya damu iliyorudi, mpeni jibu lake la sala, kisha mwongezeeni neno moja, aende hospitali wiki hiyo hiyo.

Na hesabu yake ni hii. Mwaka 2018 watafiti walikusanya tafiti nyingi za nchi mbalimbali wakazijumlisha. Katika kila wanawake 100 wanaotokwa na damu baada ya ukomo, kiasi cha 9 walikuwa na saratani ya utando wa kizazi. Wengi wa waliobaki huwa na mambo mepesi zaidi, kama vinyama vidogo visivyo na madhara au ukavu uliokwaruza. Lakini ukigeuza hesabu upande wa pili, katika kila wanawake 100 waliopatikana na saratani hiyo, 91 walikuwa wametokwa na damu kabla. Yaani maradhi haya, kinyume na mengi mengine, hupiga hodi mapema, na yakishikwa mapema kukitoa kizazi mara nyingi hutosha. Walio wanene na wenye kisukari wako hatarini zaidi, kwa kuwa mafuta ya mwili nayo hutengeneza estrojeni hata baada ya ovari kulala, na estrojeni iliyo peke yake, bila ya projesteroni, huunenepesha utando. Tone moja latosha kukupeleka. Usingoje la pili. Na ukitaka daktari mwanamke, mwombe tangu unapoweka miadi. Si ombi geni katika mji huu.

Ama dawa za kurejesha homoni, hizi zina historia ambayo imewababaisha hata waganga. Mwezi wa Julai 2002 utafiti mkubwa wa Marekani, wa wanawake 16,608 waliopewa estrojeni na projestini au vidonge vitupu, ulisimamishwa kabla ya muda wake. Redio na magazeti ya dunia nzima yakatangaza kuwa homoni zinaleta saratani ya matiti, na wanawake wakazitupa jaani. Hesabu yenyewe ilikuwa hivi: katika wanawake 10,000 wanaotumia kwa mwaka mmoja, walizidi 8 wenye saratani ya matiti, 7 wenye maradhi ya moyo na 8 wenye kiharusi, wakapungua 5 wenye kuvunjika nyonga na 6 wenye saratani ya utumbo mpana. Tena wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63, watu ambao wengi wao ukomo wao ulikwisha zamani. Mwalimu yeyote wa hesabu angaliuliza: je, mwenye miaka 50 ni sawa na mwenye miaka 63? Imekuja kuonekana kuwa si sawa. Leo madaktari wengi wa fani hii huona kuwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu ukomo, akiwa anasumbuka na hana kizuizi, faida kwake huishinda hatari. Mwezi wa Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kuwa itaondoa lile onyo zito lililobandikwa kwenye dawa hizi kwa zaidi ya miaka ishirini. Vizuizi hata hivyo vipo: aliyewahi kuugua saratani ya matiti, aliyeganda damu miguuni au mapafuni, aliyepata kiharusi, mwenye ini bovu. Na mwenye kizazi chake hapewi estrojeni peke yake, kwa sababu tuliyokwisha kuieleza. Ipo ya kubandika kwenye ngozi na ya kupaka, ambayo haichochei kuganda kwa damu kama ile ya kumeza.

Wameuliza wengine juu ya asili yake. Ni kweli kuwa dawa mashuhuri ya Premarin, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1942, hutolewa katika mkojo wa farasi majike wenye mimba. Anayetatizwa na hilo amuulize mwanachuoni wake, lakini ajue pia kuwa zipo estrojeni na projesteroni zinazotengenezwa kutokana na mimea, nazo zimeenea zaidi siku hizi. Muulize mfamasia akusomee karatasi ya ndani ya kisanduku. Mwulize na vifuko vya vidonge ni vya jelatini gani.

Tunajua pia kuwa kabla ya daktari watu huanza na uwatu, habasoda na unga wa "homoni" unaotangazwa kwenye simu. Uwatu ni chakula chetu na hatuusemi vibaya, ila hushusha sukari, na mwenye kisukari anayemeza dawa huweza kuanguka nao. Unga usioandikwa kilichomo ndani yake tunauogopa.

Lipo jingine ambalo akina mama hutunong'oneza tu. Homoni zikipungua, ngozi ya sehemu za siri hukauka na kuwa nyembamba, misuli ya chini ya nyonga hulegea. Kukutana na mume huwa maumivu, na mkojo humtoka mtu akikohoa, akicheka, au akiinuka kutoka kwenye sijda. Tunawajua walioacha kwenda darsa na harusi, wanaotawadha mara tano kwa sala moja, kwa jambo ambalo lina tiba. Misuli ile hufunzwa kwa mazoezi: kaza kama mtu azuiaye mkojo, shikilia kwa sekunde chache, achia, rudia mara kumi, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu kabla ya kuhukumu. Ukavu una krimu yake ya estrojeni kidogo sana, ambayo hubaki pale pale inapopakwa na haienei mwilini sana. Waume wakisoma sehemu hii, wamekwisha elewa.

Na tusiwasahau dada zetu waliokuja kufanya kazi majumbani kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, ambao wengine wamekwisha fika miaka arubaini na kitu. Jasho likimmwagika mmojawapo jikoni, bibi wa nyumba anajua ni nini. Amwache akae chini dakika kumi na anywe maji ya baridi. Akimwambia ana damu isiyokatika, asimwambie asubiri likizo. Asiye raia na aulize gharama mapema, na aulize kama bima ya mwajiri wake inaligharimia jambo hilo.

Mwenye kwenda kwa daktari aende na karatasi: tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa zote anazotumia pamoja na za miti shamba, na kama mama yake au dada yake aliugua saratani ya matiti, ya ovari au ya kizazi, au alivunjika nyonga. Apime na shinikizo la damu, sukari na kolesteroli siku hiyo hiyo, maana moyo nao hupoteza kinga yake. Na kwa picha ya matiti, Jumuiya ya Saratani ya Oman ina gari lake linalozunguka mikoani kwa kazi hiyo.

Jirani yetu sasa yuko katika mwaka wake wa nne tangu kufanyiwa upasuaji, alhamdulillah, na asubuhi za baridi hutembea nasi Qurum. Yeye ndiye hutangulia, sisi na mkono wetu tunamfuata. Mwezi uliopita alituambia kuwa ameanza kuwaketisha wakwe zake wawili na mabinti zake watatu, mmoja mmoja, chumbani, mlango umefungwa.

Wenye maswali wayaandike bila ya jina, wayatie katika bahasha na kumpa yeyote anayewagawia jarida hili. Tutayapeleka kwa daktari mwanamke anayekijua Kiswahili, na majibu tutayachapa katika toleo lijalo, insha-Allah.

Wassalaam.